Toscana wana zabibu, Igalula wana asali

Baiskeli ya mrina asali utaijua kwa harufu kabla hujasoma chapa yake. Inanukia moshi, nta na jasho. Keria yake imeongezwa nondo ili ibebe mzigo ambao kiwanda hakikuufikiria. Juu yake yamekaa madumu mawili ya lita 20, yamefungwa kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Panga limechomekwa kwenye fremu, na kwenye usukani unaning'inia mfuko wa michembe. Ndivyo anavyotoka porini mtu wa Igalula msimu wa kurina, akifuata njia ya mchanga kati ya mitundu na miyombo mpaka penye wanunuzi.

Dumu la lita 20 likijaa asali huwa na uzito wa kilo 28 hivi, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji. Madumu mawili ni kilo 56. Karne moja na nusu iliyopita, katika ukanda huuhuu wa nchi, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, akatembea nazo miezi kadhaa mpaka pwani. Bega limepumzika na gurudumu limechukua nafasi yake, lakini nchi ni ileile na vumbi ni lilelile.

Makala haya yanahusu njia hiyo na gurudumu hilo. Hoja yangu ni moja: njia ya vumbi inayopita Igalula na vijiji jirani ni urithi wenye thamani, na baiskeli ndicho chombo kinachouweka hai mpaka leo. Wataliano walilitambua jambo kama hilo kwao, kwenye vilima vya mizabibu vya Toscana, wakalifanyia kazi kwa bidii. Sisi bado tunaitazama njia ya vumbi kama aibu inayosubiri kufunikwa.

WALIVYOZIOKOA BARABARA NYEUPE

Kati ya miji ya Florence na Siena, katikati ya Italia, kuna nchi ya vilima inayoitwa Chianti. Ni nchi ya mizabibu na mizeituni. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III wa ukoo wa Medici, alitoa tangazo la kuweka mipaka ya maeneo yanayoruhusiwa kuuza mvinyo kwa jina la Chianti. Tangu hapo jina la mahali likawa mali. Mkulima wa kilima kile hakuuza mvinyo tu. Aliuza mvinyo wa kwao.

Vilima hivyo vimeunganishwa na njia ambazo wenyewe huziita strade bianche, yaani barabara nyeupe, kwa sababu ya weupe wa changarawe na udongo wake. Zilikuwa njia za mikokoteni, za mapipa ya mvinyo, za mkulima na mnyama wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia lami ikaanza kuzifunika moja baada ya nyingine, na kila mtu akaona hayo ndiyo maendeleo.

Mwaka 1997 Giancarlo Brocci, mpenzi wa baiskeli wa Gaiole in Chianti, aliamua kuzitetea. Alialika watu waje kuendesha baiskeli kwenye barabara hizo, akaiita safari hiyo L'Eroica, maana yake ya kishujaa. Mara ya kwanza walifika waendeshaji 92. Walivaa fulana za sufu na kupanda baiskeli za zamani, na desturi hiyo baadaye ikawa sharti: baiskeli iwe ya mbio na iwe imetengenezwa kabla ya mwaka 1987, nyaya za breki zionekane nje, na vishikio vya gia viwe kwenye fremu, sio kwenye usukani. Katika vituo vya kupumzikia mwendeshaji hupewa chakula cha kijiji: supu nzito ya mboga na mkate, mkate uliopakwa mafuta ya zeituni, na mvinyo wa hapohapo.

Tazama walichofanya. Walizipenda barabara hizo hadharani, kwa miguu yao wenyewe, mpaka kila diwani na kila mhandisi akaona kwamba changarawe ile inaleta wageni. Leo kuna mzunguko wa kudumu wa kilomita 209 wenye vibao vya kuelekeza, na mtu yeyote anaweza kuufuata siku yoyote ya mwaka bila kusubiri tamasha. Njiani analala kwenye nyumba za wakulima, anakula kwao, na anarudi kwao na chupa ya mvinyo yenye jina la kijiji alichokipita.

Mwaka 2007 yakaanza mashindano ya wataalamu kwenye barabara hizohizo, ambayo leo yanaitwa Strade Bianche, na mwisho wake uko Piazza del Campo, uwanja mkongwe wa Siena. Ya wanawake yalianza 2015. Mswisi Fabian Cancellara alishinda mara tatu, akapewa heshima ya kipande kimoja cha barabara ya vumbi kuitwa kwa jina lake. Mwaka 2024 Mslovenia Tadej Pogačar aliwaacha wenzake zikiwa zimebaki kilomita 81, akaenda peke yake mpaka mwisho. Dunia nzima ilikuwa ikimtazama kwa televisheni kwenye barabara hizo za vumbi. Vumbi lile halikumwaibisha mtu yeyote.

Kutokana na mapenzi ya aina hiyo, Ulaya na Marekani, kukazuka baiskeli maalumu za changarawe: usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mbio, lakini tairi pana za milimita 40 au zaidi, zinazotiwa upepo kiasi ili zitambae juu ya mawe na mchanga bila kudunda. Mtu wa Igalula akiiona ataitambua mara moja. Hata yeye, akijua ana mchanga mrefu mbele yake, hupunguza upepo kidogo.

MGUNDA MKALI NA MAHALI PA KUTUA

Sasa turudi nyumbani. Igalula ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, na ni kituo cha Reli ya Kati kwa mtu anayekaribia mji wa Tabora kutoka mashariki. Jimbo la uchaguzi nalo linaitwa Igalula. Jirani zake ni Kigwa na Goweko, na mbele zaidi kuelekea Singida iko Tura. Kwa msafiri wa gari moshi hayo ni majina ya kupitiwa tu. Kwa msafiri wa misafara ya karne ya kumi na tisa yalikuwa majina ya kuokoka.

Msafara uliotoka Bagamoyo ulipanda milima ya Usagara, ukapita Mpwapwa, ukavuka Ugogo ukilipa hongo kwa kila mtawala, kisha ukapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kilimatinde. Baada ya hapo ulianza msitu uliojulikana kwa jina la Mgunda Mkali: siku nyingi za vichaka, maji ya shida na vijiji vya nadra. Mpagazi aliyeugua humo aliachwa. Aliyefika upande wa pili alikutana na mashamba ya kwanza ya Unyamwezi, mahali panapoitwa Tura. Mpelelezi Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo ni amri ya kutua mzigo. Mtu wa Kiswahili haihitaji tafsiri: tura na tua ni ndugu wa damu.

Kutoka Tura njia ilielekea Rubuga, ikafika Kigwa, ambako msitu uliogopwa kwa wanyang'anyi, kisha ikaingia Unyanyembe. Burton na mwenzake John Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu waondoke pwani. Mpelelezi mwingine, Henry Stanley, alipita Tura, Rubuga na Kigwa mwaka 1871, akafika Unyanyembe mwezi Juni. Mwaka uliofuata yeye na David Livingstone walikaa pamoja kwenye tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, nyumba ambayo leo ni makumbusho. Oktoba 1873 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walifika Kwihara wakiwa na mwili wake, wakaendelea kuelekea mashariki, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Hakuna safari ya uaminifu iliyo maarufu kuliko hiyo katika historia ya njia hii, na walioifanya ni Waafrika waliotembea kwa miguu.

Lakini njia haikuwa ya akina Stanley. Ilikuwa ya Wanyamwezi. Walikuwa wakienda pwani na pembe za ndovu tangu mwanzoni mwa karne ile, na wenyeji wa pwani na Waarabu wa Omani wakaja nyuma yao kwa njia zao. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hao, ameonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi, kanuni na fahari yao. Kirangozi alitangulia mbele, nyimbo zikapanga mwendo, na kijana ambaye hajawahi kwenda pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Pamoja na fahari hiyo tusisahau mnyororo. Wengine walipita hapa wamefungwa shingo, wakipelekwa kuuzwa. Njia hii imebeba jasho la hiari na machozi ya lazima, na anayeisimulia lazima aseme yote mawili.

KUTOKA BEGANI HADI KWENYE KERIA

Kwa nini mzigo wote huo ulibebwa na mabega ya watu? Jibu liko kwenye miombo yenyewe. Misitu ya magharibi ina mbung'o, na mbung'o hubeba vijidudu vya nagana vinavyoua ng'ombe, farasi na wanyama wengi wa mizigo. Punda wa Stanley walikufa njiani. Mkokoteni wa Chianti ulivutwa na maksai; huku maksai asingefika mbali. Binadamu akawa ndiye mnyama wa mizigo, na njia ikachongwa kwa upana wa mtu mmoja nyuma ya mwenzake.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi wa masafa marefu akapoteza kazi. Gari moshi, hata hivyo, linasimama stesheni. Haliingii porini kwenye mizinga, wala halipiti shambani kwa mkulima wa tumbaku, wala halimfikishi mama mjamzito zahanati. Kutoka stesheni hadi nyumbani bado palihitaji bega. Hapo ndipo baiskeli ilipoingia.

Baiskeli haiumwi na mbung'o. Haili majani. Haihitaji njia pana kuliko ile iliyoachwa na mguu wa mpagazi. Zilianza Raleigh za Waingereza, zikaja Phoenix za Wachina, na kuna kizazi kilichopanda Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapahapa Tanzania. Chuma kizito, breki za fimbo, keria pana, stendi ya miguu miwili. Baiskeli hizo zimesomesha watoto, zimepeleka wagonjwa hospitali, zimetolewa mahari. Katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma baiskeli si ya wanaume peke yao. Binti anaiendesha kwenda shule na mama anaiendesha kwenda mashineni kusaga, na hakuna anayeshangaa.

Mwendeshaji wa Chianti hutafuta baiskeli ya kabla ya 1987 aipake mafuta na kuisafirisha kwa ndege ili aonje maisha ya zamani kwa siku moja. Huku Uyui baiskeli ya umri huo ingali kazini. Lile sharti ambalo waandaaji wa Gaiole wameliweka ili kuienzi historia, watu wa Igalula wanalitimiza kila asubuhi bila kuulizwa na mtu.

SAFARI YENYEWE

Anayetaka kuijua njia hii aende nayo kwa baiskeli, kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na mito ya msimu imekauka. Atoke Tabora alfajiri. Uwanda huu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kuhitaji sweta, na saa nne jua linaanza kulipa deni.

Asitegemee milima ya Chianti. Huku nchi inanyanyuka na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Juu ya miinuko kuna mchanga na msitu. Chini mabondeni kuna mbuga zenye udongo mweusi, ambako watu hulima mpunga. Kinachomjaribu mwendeshaji hapa si mlima bali mchanga. Gurudumu la mbele likizama, asiye na uzoefu huukaza usukani, na kuukaza ndiko kunakomwangusha. Mwenyeji hulegeza mikono, huurudisha mwili nyuma, na hukanyaga kwa mfululizo bila papara. Akiona mchanga umezidi, hushuka akasukuma, na hakuna aibu katika kushuka. Katika masika somo hugeuka: udongo wa mbuga hunata kwenye tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome kuzunguka, na mtu huishia kuibeba baiskeli inayopaswa kumbeba yeye.

Miti nayo ina ratiba yake. Kabla ya mvua, Septemba na Oktoba, miombo huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba, msitu mzima ukaonekana kama umewaka bila moto. Mitundu na miyombo ikichanua, nyuki huwa kazini. Ukisimama kunywa maji utaiona mizinga ya magogo na ya magome juu ya matawi, kila mmoja na mwenyewe, na mwenyewe anajulikana hata kama anakaa siku nzima mbali na hapo. Kuchuna gome la mti mzima kutengeneza mzinga huua mti, ndiyo maana wataalamu wa nyuki huhimiza mizinga ya kisasa ya mbao. Tabora haina upungufu wa elimu hiyo. Chuo cha ufugaji nyuki kipo mjini.

Njiani salamu ni nyingi kuliko magari. Mwangaluka, atakuambia mzee asubuhi, nawe umjibu hivyohivyo na usipite mbio. Baiskeli ina faida kwamba inaruhusu salamu kamili. Mchana neno ni mwadila. Ukimkuta mama kwenye baiskeli amebeba gunia, yeye ndiye wa kupishwa, maana kusimama na mzigo na kuanza tena ni kazi kubwa kuliko kwenda.

Penye kijiji pana mwembe, na chini ya mwembe pana fundi. Vifaa vyake vinaenea kwenye kopo: spana mbili, msasa, solusheni, vipande vya tyubu, gololi zilizopakwa grisi na spoku za kubahatisha. Beseni la maji liko pembeni kwa ajili ya kutafuta tundu. Fundi huyo ni taasisi kamili. Ataziba pancha, atanyoosha ringi, atakuambia ni bonde gani lina maji na njia gani imefungwa na miti iliyoanguka. Hakuna ramani ya simu yenye habari mpya kuliko zake.

Chakula hakimpi mtu shida. Viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi ni michembe. Vilivyochemshwa kwanza kisha vikaanikwa ni matobolwa, na wako wanaosema jina la Tabora lenyewe limetoka humo. Msafara ulikwenda kwa chakula cha namna hiyo: chepesi kubeba, hakiozi, kina nguvu. Mchana kuna ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na karanga zilizotwangwa. Novemba hadi Januari maembe huanguka yenyewe. Na kila wakati ipo asali.

ZABIBU ZETU, ASALI YETU

Msomaji anaweza kusema: Wataliano wana mvinyo, ndiyo maana watu huenda. Nimjibu kwamba njia hii hata mvinyo inao. Shuka nayo kuelekea mashariki mpaka Ugogo, utaikuta mizabibu ya Dodoma. Zabibu zilipandwa huko na wamisionari wa Kikatoliki miaka ya 1950, na historia inayosimuliwa zaidi inaitaja misheni ya Bihawana na mwaka 1957. Jua la Dodoma linaruhusu mavuno mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Chianti hawezi hata kuliota. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na Hombolo kuna mashamba na mvinyo unaosindikwa hukohuko. Nchi ya mvinyo ya Tanzania imekaa juu ya njia ya misafara, nasi hatujawahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Kwa Igalula, zabibu yake ni asali. Kama udongo na jua huamua ladha ya mvinyo, maua ya miombo huamua rangi na ladha ya asali. Ya mtundu si sawa na ya maua mengine, na mrina mzoefu hutofautisha kwa ulimi. Ikichachushwa huwa wanzuki, kinywaji cha harusi na ngoma. Nta yake iliuzwa nje tangu enzi za Wajerumani. Kila kitu ambacho Chianti ilikuwa nacho kipo, isipokuwa lile alilolifanya mtawala wa 1716: kuliandika jina la mahali juu ya chupa.

Asali ya mtu wa Igalula hutoka kijijini ndani ya dumu la mafuta ya kula lisilo na jina. Ikifika mjini inamiminwa kwenye chupa za maji, inauzwa barabarani kwa jina la jumla, na mnunuzi hajui imetoka msitu gani wala nani aliikeshea. Mgeni anayepita kwa baiskeli anaweza kulibadilisha hilo, kwa sababu yeye ameuona mzinga na ameiona njia. Akinunua chupa yenye maandishi ya Igalula, ananunua kitu alichokipita kwa miguu yake. Vijiji vya Chianti vimeishi kwa biashara hiyo miaka yote hii.

Wala tusidhani mchezo wenyewe ni wa mbali. Mwaka 2021 Kenya ilianzisha mashindano ya siku nne ya baiskeli za changarawe katika nchi ya Wamasai, Migration Gravel Race, yakawaleta wataalamu wa Ulaya na Marekani kushindana na Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Mmoja wa nguzo za kazi hiyo alikuwa Suleiman Kangangi, Mkenya, aliyefariki Agosti 2022 kwa ajali katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Mwaka 2022 huohuo Mweritrea Biniam Girmay alishinda hatua moja ya mzunguko wa Italia, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za ule wa Ufaransa. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kwa Afrika. Kutoka Kigali hadi Tabora ni jirani. Miguu ya nguvu tunayo. Kinachokosekana ni kuithamini barabara iliyoikuza.

KABLA LAMI HAIJAMALIZA SIMULIZI

Sisemi lami isije. Barabara ya Tabora hadi Manyoni ilikuwa mateso kwa miaka mingi, na kipande chake cha mwisho, kilomita 85.4 kati ya Nyahua na Chaya, kilipozinduliwa Mei 2022 mkoa mzima ulipumua. Reli ya kisasa kutoka Makutupora kuja Tabora nayo inajengwa. Mgonjwa anahitaji lami, na tumbaku inahitaji lori. Lakini lami hiyohiyo imeleta mabasi na malori ya kasi, na mwendesha baiskeli mwenye madumu mawili ya asali amesukumwa pembeni, mara nyingi mpaka kwenye mtaro. Njia ya kale sambamba nayo ndiyo salama yake. Ikipotea kwa kulimwa, kuzibwa au kusahauliwa, tutakuwa tumempokonya mkulima barabara yake na taifa kumbukumbu yake kwa wakati mmoja.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Angalia pengo lililopo. Kati ya Kilimatinde na Kwihara hakuna kituo, na humo ndimo ulimo Mgunda Mkali, ndimo ilimo Tura ya kutua mizigo, ndimo zilimo Kigwa na Igalula. Sehemu iliyowatesa wapagazi kuliko nyingine ndiyo tuliyoiacha bila jina.

Pengo hilo halihitaji mabilioni. Halmashauri ya Uyui na wakala wa barabara za vijijini, TARURA, wanaweza kuitambua njia ya baiskeli kutoka Tura hadi Kwihara, safari ya siku mbili tatu zisizo na haraka, na kuiacha iwe ya vumbi kwa makusudi: ichongwe, makalvati yawekwe, miti ilindwe. Idara ya mambo ya kale iweke vibao vinavyosema nini kilitokea wapi, cha wapagazi kabla ya cha wapelelezi. Chama cha Baiskeli Tanzania kilete mashindano, na kundi la kwanza liwe la baiskeli za keria, zenye mzigo wa kilo 32, ili bingwa wa Igalula ashindane kwa kazi anayoijua. Vikundi vya warina asali viuze kwa chupa zenye jina la kijiji. Miembe ile iliyopandwa zamani na watu wa misafara, ambayo bado inatoa kivuli Tabora, Kwihara na Ujiji, ipate watoto: kila shule iliyo kando ya njia ipande mstari wake.

Nawe msomaji, usisubiri kibao. Kama una baiskeli, yoyote ile, na Jumamosi moja ya kiangazi, toka Tabora asubuhi uende Igalula. Salimia kila unayemkuta. Mpishe mwenye mzigo. Pancha ikitokea, kaa chini ya mwembe umsikilize fundi. Nunua asali kwa aliyeirina, ulipe bei anayoitaja, na umwombe aandike jina la kijiji chake juu ya chupa.